Nyumba Iliyopumua Alasiri

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, mwaka 1954, na katika soko la Ngamiani, mjini Tanga, hapakuwa na pa kutia mguu. Saleha alikuwa akitoka kwa muuza nazi, kikapu mkononi, harufu ya asumini ikimtangulia, mara akahisi kitu kimemshika begani na kumvuta nyuma. Akageuka akiwa tayari kutukana. Alichokiona kwanza ni bomba la bati, refu kuliko mtu, liking'aa juani. Chini ya bomba palikuwa na mwanamume.

“Usisogee, bibie,” mwanamume akasema. “Ukisogea litachanika zaidi.”

“Zaidi? Kwani limeshachanika?”

“Kidogo tu.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Mkono unapita.”

Wauza samaki wakaangua kicheko. Saleha hakucheka. Alilivuta buibui lake la hariri, akalitazama tundu, kisha akamtazama mwenye kosa kuanzia kofia yake ya viua, akashuka kwenye shati la kaki lililofuliwa hata likapauka, hadi kwenye mikono yake mipana iliyojaa makovu madogo ya kukatwa na bati.

“Nitalipa,” mwanamume akasema. “Naitwa Uweso. Fundi bati.”

“Mimi ni mshonaji, tundu nitaliziba mwenyewe. Niambie tu, hilo dude lako la kuchania watu nguo ni la kazi gani?”

“La kiwanda cha mkonge, kule kwenye brashi. Nyuzi zikipigwa brashi zinatoa vumbi baya. Bomba hili linalivuta na kulitoa nje. Bila hili watu wanakohoa mpaka damu.”

Saleha akalitazama tena lile bomba. “Linavuta vumbi tu? Haliwezi kuvuta kitu kisichoonekana?”

Uweso alitaka kujibu kwa mzaha, lakini aliona macho ya yule mwanamke hayakuwa na mzaha tena.

“Kitu gani hicho, bibie?”

“Njoo Chumbageni uone,” Saleha akasema. “Ulizia nyumba ya mikate.”

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, imejengwa na Mjerumani mmoja kabla ya vita vya kwanza. Baba yake Saleha aliinunua mnadani akaifanya ya kupangisha, na alipofariki akamwachia binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufiwa na mume. Chini alipanga Manase, Mbondei wa Muheza, mwoka mikate. Juu kulikuwa na vyumba vitatu vya dari refu, na vyumba hivyo havikukalika. Saleha mwenyewe aliishi kibanda cha uani na shangazi yake, Bi Mastura, akishona nguo za watu.

Wapangaji walikuja wakati wa jua, wakausifu upepo. Masika yakianza wakahama. Wote waliondoka na maneno yaleyale. Usiku nyumba ilikuwa tulivu kama msikiti. Ni alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, mtu anapojilaza, ndipo ukuta ulipoanza kupumua. Kichwa kinakuwa kizito, masikio yanalia, halafu tundu la chuma lililo juu ya ukuta linamwita mtu kwa jina lake. Karani mmoja wa reli aliitwa na mtoto wake aliyezikwa Korogwe. Na masika ya mwaka uliopita mkunga mstaafu, Mama Praxeda, alijilaza baada ya chakula cha mchana asiamke. Saleha ndiye aliyemkuta. Midomo ya marehemu ilikuwa myekundu kana kwamba katoka kutafuna tambuu, na mama yule maisha yake yote hakuwahi kutia tambuu kinywani.

“Jini kamlisha,” Bi Mastura alimwambia Uweso siku alipokuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kisutu kilichotoka rangi. “Niliona kwa macho yangu.”

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kufanya nini na hilo bati?”

“Kumtafutia jini mlango wa kutokea.”

Saleha, aliyekuwa nyuma yao ngazini, alijiuma mdomo asicheke.

Uweso aliizunguka nyumba siku nzima, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Jua lilikuwa kali, madirisha yote yako wazi, na hakuna kilichomwita. Jioni akamkuta Saleha roshanini.

“Mjerumani aliyejenga hapa alikuwa na akili,” akasema. “Kuta zina mifereji ndani yake, inapanda mpaka paani. Hewa baridi iingie kwa matundu ya chini, ya moto itoke kwa matundu ya juu. Nyumba ijipulizie yenyewe. Lakini ninyi miaka arobaini mnapaka chokaa, mmeziba matundu ya chini yote.”

“Kwa hiyo nyumba yangu ni mgonjwa wa pumu.”

“Ndiyo. Tena mzee.”

“Inapona?”

“Nitafungua ya chini, nitaweka mabomba mapya ya bati ndani ya mifereji iliyobomoka, nitaunganisha vyumba vitatu. Mpangaji atalala Machi bila kujifunika hata kanga.”

“Fundi! Wapangaji wangu usiwavue nguo.”

Uweso akaona haya, akainama kuokota rula ambayo haikuwa imeanguka.

Ikawa kila siku anakuja. Alifanya kazi asubuhi, na adhuhuri Bi Mastura alimletea wali na samaki wa nazi, kwa kuwa Saleha alisema haifai yeye kupeleka, kisha akapeleka yeye maji ya kunawa. Siku moja, akiwa anasafisha mfereji wa chumba cha kati, Uweso alitoa mbayuwayu watatu waliokufa. Hawakuwa wameoza. Walikuwa wakavu, wepesi, macho yamefumba, kana kwamba wameingia mle kulala. Hakumwambia Saleha, akawafukia uani.

Walipofika hatua ya kupima mabomba, yeye alikaa juu ya paa na Saleha akasimama chumbani chini ya tundu, amwambie kama upepo unashuka.

“Saleha!” Sauti ilishuka ukutani, nzito na ya karibu mno.

“Nakusikia. Kama uko begani kwangu.”

“Basi nikwambie jambo. Nikiwa mbele yako siliwezi.”

“Sema. Lakini taratibu, Bi Mastura yuko ngazini.”

“Nakupenda.”

Saleha aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi, na moyo wake ulikuwa unaugonga. “Umesemaje? Upepo huo.”

“Nimesema bati limepinda.”

“Lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi, muhibu.”

Kutoka juu ikasikika nyundo ikiponyoka na kubingirika kwenye vigae. Ngazini Bi Mastura akakohoa.

Tangu siku ile walizungumza kwa ukuta zaidi ya uso kwa uso. Mwisho wa Machi mawingu yalipojikusanya, Uweso akasema anakwenda kwao Maramba, wiki moja tu.

“Kufanya nini?”

“Kumwambia mama aje Tanga kuzungumza na shangazi yako.”

“Kuzungumza nini?”

“Habari za mabati,” Uweso akasema, na wote wawili wakacheka. Kabla ya kuondoka, kwa kuwa kazi ya juu haijakamilika na mvua ilikuwa karibu, aliyafunika matundu ya paani kwa kofia za bati alizozigongomea misumari, maji yasije yakaharibu mifereji. Aliona ametenda jambo la busara.

Mvua ilianza Jumanne. Jumatano, baada ya adhuhuri, Saleha alipanda chumba cha kati na cherehani yake ya mkono kushona mapazia ya wapangaji wajao. Alifunga madirisha kwa sababu ya rasharasha. Chini Manase alikuwa amekwisha kuwasha tanuri kwa mikate ya jioni; harufu ya hamira ilipanda, na chumba kikawa na joto la kupendeza. Saleha akaanza kusikia usingizi. Kichwa kikambana. Kitambaa mbele yake kikaanza kuwa mbali, kana kwamba anakishona kwa mikono ya mtu mwingine.

Ndipo tundu likasema.

“Nikimaliza paa hili nitakwenda zangu,” ilisema sauti ya Uweso, wazi, ya karibu, kama siku zote. “Wala usiningoje.”

Mwanamke akacheka. Kicheko kirefu, cha taratibu, kisichokuwa na furaha.

Saleha alisimama. Aliita, “Uweso?” Hakuna aliyejibu. Alishuka ngazi akishika ukuta, na alipofika uani akatapika. Alidhani ni uchungu.

Ijumaa muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, mwenye simu pekee ya mtaa ule, alimtuma mtu kumwita. Uweso alikuwa akipiga kutoka ofisi ya shamba moja la mkonge karibu na Maramba.

“Mpenzi! Unanisikia? Mama amekubali. Tunakuja Jumatatu.”

“Jumatano ulikuwa wapi?”

“Jumatano? Hapa hapa Maramba.”

“Alasiri ulikuwa juu ya paa langu, na mwanamke.”

Waya ulivuma. “Saleha, unaumwa?”

“Nimekusikia kwa masikio yangu. Ukisema ukimaliza paa utakwenda zako. Nisikungoje. Na yeye akacheka.”

Upande wa pili ukanyamaza muda mrefu kuliko anavyonyamaza mtu asiye na kosa.

“Nani amekwambia maneno hayo?” Uweso akauliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Kumbe ni kweli,” Saleha akasema, akarudisha simu mahali pake kwa utulivu, akamshukuru mwenye duka.

Kilichofuata hakumweleza mtu. Kila alasiri alipanda chumba cha kati, akafunga madirisha na kuweka komeo mlangoni, akaketi chini ya tundu kusikiliza. Alitaka kumjua yule mwanamke. Alitaka pia, na hilo ndilo alilolionea haya, kuisikia tena ile sauti, hata kama inamwacha. Jumamosi ilimwita kwa jina. Jumapili ilizungumza naye karibu saa nzima, kwa upole, ikimwambia ajilaze. Alishuka akiwa amepauka, hali chakula, na Bi Mastura akaanza kuulizia mganga wa mtaa wa Mabawa.

Jumatatu Uweso alifika kwa lori lililochelewa kwa matope, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amemwacha mama yake kwa jamaa mjini. Alimkuta Bi Mastura akigonga mlango wa chumba cha kati kwa ngumi mbili.

“Haitikii! Tangu saa nane yumo ndani! Saleha! Saleha, mwanangu!”

Uweso alisukuma mlango kwa bega. Mbao za Mjerumani hazikutikisika. Akashuka mbio, akachukua ngazi yake ya kazi, akaiegemeza kwenye ukuta wa barabarani, akapanda katika mvua na kupiga dirisha kwa nyundo hata likavunjika bawaba.

Chumbani mlikuwa na utulivu wa ajabu. Saleha alikuwa amelala sakafuni, mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto, na midomo yake ilikuwa myekundu kama ya aliyekula tambuu. Uweso alipiga magoti. Hapo tundu likamwita yeye.

“Uweso,” ilisema sauti ya baba yake, aliyezikwa miaka kumi iliyopita. “Umechoka, mwanangu. Keti kidogo.”

Alitamani kuketi. Baadaye alisema hakuna jambo alilowahi kulitamani vile maishani. Lakini mvua ilikuwa ikiingia kwa dirisha lililovunjika, na tone moja kubwa likamwangukia Saleha jichoni, naye hakupepesa. Uweso akamtia mikono chini ya mabega, akamburuta, akafungua komeo, akamtoa hadi roshanini na kumlaza mvuani, uso juu.

“Pumua,” akamwambia. “Saleha. Nitukane. Nifukuze. Lakini pumua.”

Alipumua. Mara moja, kwa kelele, kama mtu aliyetolewa majini. Kisha mara ya pili.

“Manase!” Uweso akapiga kelele chini. “Zima tanuri! Mwagia maji! Zima!”

Siku ya pili, daktari alipokwisha kuondoka, Uweso alibomoa ukuta wa chumba cha kati. Manase alisimama karibu naye, unga mikononi. Ndani ya ukuta, dohani ya tanuri na mfereji wa hewa vilipanda sambamba, vimetenganishwa na safu moja tu ya matofali, na safu ile ilikuwa imepasuka mahali pa kupitisha kiganja. Masizi yalikuwa yamepakaa hata upande wa mfereji wa hewa.

“Moshi wangu,” Manase akasema polepole. “Miaka kumi na miwili. Mama Praxeda alikuwa ananunua mkate kwangu.”

“Moshi ungenuka tungejua,” Uweso akamjibu. “Huu ni ule wa makaa, hauna rangi wala harufu. Kule kwenye shamba la mkonge uliua wawili waliolala na jiko la makaa ndani ya stoo. Midomo yao ilikuwa hivyohivyo, nami niliiona, nikasahau. Nikatoa ndege humu, nikawafukia. Halafu nikafunika paa.” Aliweka nyundo chini. “Wakati wa jua madirisha yako wazi, unapita. Masika wanafunga, unabaki. Mimi ndiye niliyeziba hata kile kidogo kilichokuwa kikitoka.”

Alimweleza Saleha hayo yote, bila kupunguza lake. Saleha alikuwa kitandani kwa Bi Mastura, kajifunika shuka, macho makubwa usoni.

“Kwa hiyo zile sauti ni sumu,” akasema.

“Ni sumu. Inachezea akili.”

“Na wewe hukuwapo juu ya paa.”

“Sikuwapo.”

“Basi kwa nini ulinyamaza kwenye simu?”

Bi Mastura, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, aliacha kupepeta.

“Niliwahi kuoa,” Uweso akasema. “Maramba, miaka saba iliyopita. Anaitwa Mwatumu. Nilikuwa naezeka nyumba yetu, nikagombana naye, nikamwambia nikimaliza paa hili nitakwenda zangu, wala usiningoje. Nikamaliza. Nikaenda. Hata talaka sikumpa. Alikwenda kuidai kwa kadhi mwenyewe baada ya miaka mitatu. Sikumwambia mtu yeyote maneno yale.” Akavua kofia. “Safari hii nilikwenda kumtaka radhi kabla sijakuoa wewe. Nikasimama uani kwake, nikayarudia maneno yale neno kwa neno ili ajue sijayasahau. Akacheka. Ilikuwa Jumatano, Saleha. Alasiri. Mvua inanyesha.”



“Daktari anayo dawa ya hilo?” Bi Mastura akauliza taratibu.



“Ungeniambia?” Saleha akauliza. “Kama ukuta usingeniambia?”

“Sijui,” Uweso akasema. “Ningependa kusema ndiyo. Sijui.”

“Nenda, Uweso. Kamalize kazi yangu. Mengine sijayaamua bado.”

Alirudi kazini. Aliitenga dohani na nyumba kabisa: akatengeneza bomba jipya la bati nene, akalipandisha nje ya ukuta hadi juu ya paa, kupita kimo cha mtu. Ule ufa aliujenga kwa matofali mapya, akaupiga lipu pande mbili. Kofia alizogongomea alizing'oa, akaweka nyingine zilizoinuliwa kwa miguu, mvua isiingie na hewa itoke. Wiki tatu hakuinua macho kutazama kibanda cha uani. Mama yake alirudi Maramba bila kuzungumza na mtu.

Siku alipomaliza alimwita Bi Mastura.

“Shangazi, mwambie mwenye nyumba asipangishe bado. Manase atawasha tanuri, nitafunga madirisha yote, nami nitakaa humo alasiri nzima. Siku tatu. Nikishuka kwa miguu yangu, nyumba imepona.”

“Na usiposhuka?”

“Awaambie watu dohani ilikuwa mbovu na fundi pia.”

Siku ya kwanza Saleha alitazama kutoka uani, cherehani mbele yake, hakushona hata shati moja. Saa kumi na moja Uweso alishuka, akanawa uso bombani, akaenda zake. Siku ya pili mvua ilikuwa kubwa zaidi. Saleha alihamisha kiti hadi chini ya ngazi. Saa kumi na moja ilipita kwa dakika kumi kabla hajasikia hatua zake, na katika dakika hizo kumi alijua kila kitu alichotaka kukijua.

Siku ya tatu alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, akatia asumini nyweleni, akajitanda kanga, akapanda. Bi Mastura alimfuata hadi mlangoni, akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa na kujifanya anasinzia.

Uweso alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani. Aliruka kusimama. “Toka! Sijaithibitisha bado!”

“Hii ni nyumba yangu.” Saleha akafunga mlango, akaketi upande wa pili wa mkeka, akakunja miguu. “Keti.”

Akaketi. Chini yao tanuri lilikuwa likinguruma, lakini sakafu haikuwa na joto. Hewa baridi, yenye harufu ya udongo uliolowa, iliingia kwa tundu la chini, ikapita miguuni mwao na kupanda. Walisubiri. Kichwa hakikuuma. Masikio hayakulia. Ukuta haukuwa na la kusema.

“Mimi si Mwatumu,” Saleha akasema, akitazama mbele. “Ukiniambia nisikungoje, sitacheka. Nitakufuata huko Maramba na cherehani yangu, nikuharibie jina mpaka Horohoro.”

“Nimesikia.”

“Na jambo lolote ulilolificha utaniambia wewe, kwa kinywa chako, uso kwa uso. Nisilisikie tena ukutani.”

“Uso kwa uso,” Uweso akasema. Akageuka. Alikuwa na haya kama kijana, na mikono yake mikubwa haikujua ikae wapi. Lakini alimtazama machoni bila kuinama. “Nakupenda, Saleha.”

Saleha akalipokea lile neno, akaacha hewa ipite baina yao. Kisha akainua sauti ili ifike nje ya mlango.

“Bi Mastura! Tafuta mtu anayekwenda Maramba. Mama yake aje.”